Mbayuwayu na Kifo cha Lutala

Jambo hili lilitokea, na lilinitokea mimi. Nalisema mapema kwa sababu najua yanayosimuliwa juu yangu hapa Kindu. Wako wanaosema nilimwona ndugu yangu akiwa na mabawa. Uongo. Ndugu yangu sikumwona, na laiti ningemwona. Wako wanaosema ndege walinena nami kwa kinywa cha binadamu. Uongo pia. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu na nilichokigusa kwa mkono wangu wa kulia, na pale nisipojua nitasema sijui. Sikusoma sana, nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Nyangwe mpaka nikajua herufi, basi. Lakini kusema kweli hakuhitaji chuo.

Na usidhani nimetulia. Miaka imepita, bendera zimebadilika, na bado nina hasira.

Kila mwaka mvua zinaporudi na mahindi yakifika magotini, mbayuwayu wanakuja kwetu. Hawazaliani hapa. Hakuna mtu wa Kindu aliyewahi kuona kiota chao wala yai lao. Wanakaa nasi miezi ya mvua, kisha siku moja unatazama juu na hawapo. Sisi tunawaita wageni. Mchana wametawanyika, wanawinda wadudu juu ya mto na mashamba, lakini jua likianza kushuka wanarudi wote pamoja kulala kwenye matete yaliyo chini ya kijiji. Ni wengi mpaka anga inakuwa kama moshi wa shamba linaloungua. Hapo ndipo watu wetu wanapowategea. Utomvu wa mti unachemshwa na mawese mpaka unakuwa ulimbo, unapakwa kwenye vijiti virefu, vijiti vinasimamishwa katikati ya matete. Ndege akitua, ananasa. Ni nyama ndogo, ndiyo, lakini ni nyama.

Ila hakuna anayetega kabla ya kuita. Kuita ni kazi ya mfiwa, yule ambaye bado yumo katika majivu. Jioni anasimama ukingoni mwa matete, anaita jina la marehemu wake kwa sauti, na anakitaja kifo chake: fulani, umekufa maji, fulani, umekufa kwa uzazi, nenda sasa. Ndege wakishuka na kutua, matanga yamekwisha. Mfiwa anaogeshwa mtoni na kunyolewa, na kesho yake watu wanatega. Ndege wakizunguka tu juu bila kushuka, basi kuna neno halikusemwa sawa, na kijiji kizima kinangoja mpaka lisemwe. Kwa nini iwe hivyo? Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama, akaniambia ninyamaze, njo vile, ndivyo tulivyokuta. Nilikuja kuambiwa sababu na mtu ambaye sikumtarajia.

Lutala alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nikambeba mimi mgongoni mpaka akawa mzito kuliko mimi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kazi kiasi, anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alimwoa Sifa, binti mwenye ulimi mkali kuliko wake, na nyumba yao ilikuwa na kelele za furaha hata wakati hakuna chakula.

Feruzi naye ni mtoto wa Kindu. Andika hilo moyoni. Hakutoka mbali kutuumiza. Alikwenda Nyangwe kuwatumikia Waungwana, watu waliofuata desturi za pwani, akarudi na kanzu, bunduki na cheo cha nyampara, msimamizi wa wapagazi. Mwaka ule alikuja kutafuta wanaume wa kubeba pembe za ndovu kwenda Kasongo na mbele yake. Hakuja kwa vita. Alikuja akicheka, akakaa nasi barazani, akasema kila atakayebeba atarudi na nguo kwa ajili ya mke wake. Wanaume wakajipanga. Lutala akajipanga.

Walirudi wachache. Feruzi alirudi, mnene kuliko alivyoondoka.

“Ndui, Yaya,” aliniambia mlangoni pangu. Yaya ni dada mkubwa. Lutala aliniita hivyo, na Feruzi akalichukua neno lile kama alivyochukua vitu vingine. “Ndui imewakamata njiani. Pole. Njo kazi ya Mungu.”

“Nani alimuzika?”

“Wenzake.”

“Wenzake gani? Wako wapi niwaulize?”

“Nao ndui iliwamaliza,” alisema, akacheka kidogo, kama mtu aliyeona kwamba jibu lake limekaa vizuri.

Nikawauliza wale wachache waliorudi. Walikuwa wa safu ya mbele. Walisema safu ya nyuma hawakuiona. Waliniambia hivyo wakitazama chini. Nikajipaka majivu, nikalala sakafuni, nikaacha nywele zangu ziote. Lakini sikulia kwa sauti. Mtu analia kwa sauti akijua analilia nini.

Mvua zikarudi. Asubuhi moja Sifa akaja mbio kutoka mtoni, mtungi umemwagika nusu.

“Yaya! Wageni wameshafika! Ilikuwa mmoja, halafu wawili, sasa ni wengi juu ya muto.”

Kabla ya mchana kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kikaanza kunitazama. Wengine ambao watu wao hawakurudi walikuwa bado wanawangoja; aliyekuwa katika majivu mwaka ule nilikuwa mimi peke yangu. Na watu walikuwa na njaa. Sitasema hawakuwa nayo. Misafara ya Waungwana ilipita kwetu na kung'oa mihogo kabla haijakomaa, kuku walikwisha, mbuzi walikwisha. Watoto walikuwa wanakula majani. Kabemba, fundi wetu wa ulimbo, akaweka chungu chake motoni mbele ya nyumba yangu, akakaa akikoroga kwa kijiti.

“Yaya, utaita lini?”

“Nikijua cha kuita.”

“Ulimbo wangu ukiharibika humu, nitakupaka weye. Angalau utanasa bwana.”

Wanawake wakacheka, na mimi nilitaka kucheka. Kabemba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na chungu kimoja.

Feruzi akaja mchana ule ule.

“Mimi ni muntu wa dini sasa,” alisema. “Mambo haya ya kuita ndege ni ya washenzi. Lakini watu wako na njaa. Sema tu: Lutala, umekufa ndui, nenda. Ni kazi gani hiyo?”

“Sikuona ndui.”

“Weye uliona nini? Ulikuwa hapa unatwanga.”

“Njo maana sisemi.”

Akamgeukia Sifa aliyekuwa anachambua mboga, akamtazama kama mtu anavyotazama shamba lisilo na mwenyewe. “Kama dada hataki, muke ataita. Na akiisha kuita, si muke wa muntu tena.”

Sifa hakuinua kichwa. “Mimi nitaita,” alisema. “Nitaita jina lako, Feruzi. Unipe tu kifo.”

Ndipo nikaelewa vizuri. Feruzi hakuhangaikia nyama. Alitaka kile kifo chake cha ndui kiitwe mbele ya watu wote, ndege washuke, mambo yaishe. Baada ya hapo nani angeuliza tena? Lutala angekuwa amekufa ndui milele, na Sifa angepelekwa nyumba ya Feruzi. Mimi ningenyolewa na kuambiwa nimshukuru.

Jioni ile nilishuka kwenye matete peke yangu. Sikwenda kuita. Nilikwenda kuwatazama tu, kwa sababu nyumbani sikuweza kupumua. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya ng'ambo, mwanga wa kutosha, naweza kukuapia. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na hewa ilikuwa na joto zito, lile linalokufanya utoe jasho ukiwa umesimama. Mbayuwayu walikuwa wameanza kukusanyika.

Kulikuwa na mtu amekaa kwenye matope, pale matete yanapokutana na maji.

Nilidhani ni mvuvi. Alinipa mgongo, amejikunyata, mikono imeshika magoti, na alikuwa anatetemeka. Katika joto lile! Meno yake yalikuwa yanagongana, niliyasikia. Na mbayuwayu walikuwa wanatua juu yake. Si mmoja. Mabegani, kichwani, magotini. Hakuwafukuza, nao hawakumwogopa. Umewahi kumwona mbayuwayu akimtulia mtu? Mimi nimezaliwa kando ya ndege hawa, sijawahi.

“Yaya,” alisema, bila kugeuka.

“Usiniite Yaya. Sikujui.”

“Mudogo wako njo alinifundisha. Kila siku Yaya hivi, Yaya vile. Alisema sombe yako haina chumvi hata siku ya sikukuu.”

Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Utaniambia kila mtu anajua majani yangu ya mihogo hayana chumvi? Sawa. Lakini akaendelea kusema Lutala ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, refu, limekunjika mwisho. Kovu hilo alilipata akiwa mtoto, alipoangukia kinu, na nywele zililifunika tangu hapo. Sifa mwenyewe hakulijua mpaka nilipomweleza.

“Umelionaje?” nilimuuliza.

“Sikuona kitu kingine. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulikuwa kwenye gogo moja.”

Gogo, kama hukulijua, ni ule mti wenye panda unaofungwa shingoni. Waungwana waliwafunga mateka wawili wawili, mti mmoja, shingo huku na shingo kule. Lakini Lutala hakuwa mateka! Alikwenda kwa miguu yake, kwa ajili ya nguo! Nilimwambia hivyo, nikipiga kelele, kana kwamba yeye ndiye aliyemfunga.

Alinijibu taratibu, na meno yake yaligongana kati ya neno na neno. Alisema baada ya Kasongo wapagazi wengine walitoroka, na Feruzi akawafunga waliobaki, watu wa kijiji chake mwenyewe pamoja na mateka. Lutala alifungwa gogo moja na yeye, mtu wa Kama, kule ndani upande wa Pangi. Kisiki kilimchoma Lutala mguu, mguu ukavimba, akashindwa kwenda. Kwenye kijito kimoja Feruzi aliamuru pembe yao apewe mwingine. Mtu wake akauliza, tuwafungue? Feruzi akasema kuwafungua ni kupoteza wakati. Wakaachwa ukingoni, gogo shingoni.

“Alitangulia yeye,” alisema. “Mimi nilikawia. Nilibaki nyuma yake.”

Sitaandika zaidi juu ya hayo. Fikiri mwenyewe maana ya kubaki nyuma ya mtu aliyekufa, mmefungwa mti mmoja. Mimi nimelifikiri kila siku ya maisha yangu.

Nilimuuliza sasa yeye ni nini. Alisema tu kwamba waliokufa njiani bila kuzikwa hawana pa kukaa, wanafuata wageni, kwa sababu wageni wanajua njia zote. Wanakwenda nao na wanarudi nao. Na hawawezi kushuka mpaka mtu awaite kwa kifo walichokufa, maana mtu akiitwa kwa kifo kisicho chake hajui kama anaitwa yeye.

“Wanakwenda nao wapi?” niliuliza.

“Mbali. Kwenye baridi. Huko maji ya muto yanakuwa magumu kama jiwe, muntu anatembea juu yake. Ndege hawa wanakimbia kabla ya hapo. Ila sisi tulichelewa kidogo.”

Nilidhani anaweweseka. Nilikuwa na kibuyu cha maji, nikampa, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kumpa. Alipokipokea, vidole vyake viligusa viwili vyangu, hiki na hiki. Niamini, sijapata kugusa kitu kama kile. Si baridi ya maji ya asubuhi. Ilinichoma. Ndipo akageuza shingo kidogo ili anywe, na nikaona ngozi ya shingo yake, imelika pande zote, duara kamili.

“Jina lako nani? Nitakuita na weye.”

“Watu wangu walichomewa kijiji. Hakuna wa kunijibu hata ukiniita.” Alikunywa. “Muite yeye sawasawa. Inatosha.”

Hapo ndege wakashuka, wote. Kwa kelele zao, mtu akizungumza huwezi kumsikia. Walimfunika mpaka sikuona mwili, niliona tu mabawa yakitembea, kisha wakatawanyika kila mmoja kwenye tete lake, na pale alipokuwa amekaa palikuwa na matope na kibuyu changu kimesimama wima. Kilikuwa kitupu. Alama ya miguu sikuiona, lakini sitakudanganya, matope yale yalikuwa laini na yenye maji; hata zangu zilikuwa zinafutika.

Asubuhi nilikwenda barazani. Sikusema habari ya yule mtu. Ningesema, wangesema msiba umeniharibu akili, na Feruzi angekuwa wa kwanza kunihurumia. Watu walikuwa wengi, Kabemba alikuwa anagawa vijiti. Feruzi alikuwa amekaa kwenye kiti, bunduki mapajani. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya samaki.

“Feruzi, yule mwingine kwenye gogo la Lutala alikuwa nani?”

“Yule muntu wa Kama? Yule alikuwa karibu kufa kama yeye, hata hakuweza...”

Mkono wake ukaenda kwenye bunduki.

Sifa alisimama. “Gogo gani?” alisema. “Si uliniambia walikwenda huru? Si uliniambia ndui? Gogo gani, Feruzi?”

“Mwanamuke, kaa chini.”

“Alizikwa wapi bwana yangu?”

Akapiga kitako cha bunduki chini. “Nitawaambia jambo moja,” alisema. “Hii ni nchi ya bunduki. Leo mutatega, hakuna kuita. Mwenye neno aje kwangu.”

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo, na si kwa Feruzi peke yake. Wote walisikia. Kila mwanamume aliyekuwa pale alimsikia akikiri kwa mdomo wake. Waliorudi safarini walikuwepo, wale wa kutazama chini; wakatazama chini. Mzazi wangu mmoja, kaka wa mama, alinishika mkono akaninong'oneza, “Mwanangu, watoto wana njaa, mambo haya tutazungumza baadaye.” Baadaye! Hakuna aliyezungumza mpaka leo. Walichukua vijiti vyao, mmoja mmoja, wakaenda kutega.

Jioni nilishuka. Sifa alikuja nami bila kuambiwa. Vijiti vya ulimbo vilikuwa vimejaa kwenye matete, watu wamejificha, na mbayuwayu walikuwa juu wanazunguka. Hawakushuka. Jua liligusa miti, likaanza kuzama, nao wanazunguka tu. Ndege lazima alale, si ndiyo? Hawakushuka. Watu wakaanza kunong'ona.

Niliingia majini mpaka magotini. Feruzi akaniambia nitoke. Nilisikia akiinua bunduki, na Sifa akaja kusimama nyuma yangu, karibu, nikausikia mwili wake mgongoni mwangu.

“Piga,” alimwambia Feruzi. “Utatupata wote wawili. Umezoea kutufunga wawili wawili.”

Nikaita. “Lutala, mwana wa mama yangu! Hukufa ndui! Umekufa gogoni, mguu umeoza, Feruzi wa Kindu amekuacha umefungwa shingo kando ya maji! Na weye wa Kama, ambaye jina lako sikulipata, umekufa nyuma yake! Nendeni sasa!”

Walishuka kama mvua ya mawe. Sijui kama Feruzi alikusudia kupiga, mlio sikuusikia. Nilisikia mabawa tu, na Sifa akilia, na mimi pia nikilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Feruzi aliponiletea habari ya kifo. Sifa aliniogesha pale pale. Wa kunyoa hakutokea, akaninyoa yeye kwa kisu cha mboga.

Na ulimbo ulinasa. Ulinasa kuliko mwaka wowote. Watu walirudi na vikapu vimejaa, wanachekelea, wanasema mnaona, ameita mwenyewe, neno limekwisha. Wakakaa kuzunguka mioto kunyonyoa. Wa kwanza kuona alikuwa Kabemba. Alinyonyoa ndege mmoja, akamwinua kwenye mwanga, akamweka chini. Akanyonyoa wa pili. Akaniita, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

Mbayuwayu hawa wana wekundu kooni, hilo kila mtu anajua. Nasema chini ya manyoya. Kwenye ngozi kulikuwa na alama ya mchubuko, duara, imezunguka shingo yote, imelika. Wa Kabemba walikuwa nayo, wa jirani yake walikuwa nayo. Tulikwenda moto kwa moto. Sikukuta ndege asiye nayo. Ikiwa kuna mtu wa Kindu anayekuambia hakuiona, ana sababu yake.

Kabemba alimwaga chungu chake cha ulimbo mtoni na hakuchemsha tena maisha yake yote. Alilima, akalalamika mgongo. Wengine waliwazika ndege wale. Wengine walikaa wakiwatazama watoto wao, kisha wakawachoma ndege, wakawala gizani. Hao siwasemi. Feruzi alikula mbele ya watu wote, akilamba vidole.

Watu wanapenda nisimulie kwamba alikufa usiku ule. Wanapenda mifupa imkabe. Hakufa. Alinenepa. Alichukua mbuzi wetu miaka mingine kadhaa, na Wazungu walipokuja kupigana na Waungwana alivua kanzu, akawa mtu wa Wazungu, akawatafutia wapagazi. Sifa hakumpata, angalau hilo. Sifa aliolewa ng'ambo ya mto na mjenzi wa mitumbwi, na nyumba yao ina kelele.

Mimi, vidole vyangu hivi viwili havijapata joto tangu siku ile. Sifa akiwa na mtoto mwenye homa ananiletea niviweke kwenye paji lake la uso, na mtoto analala. Na mwaka mmoja Mzungu wa kituo, ambaye alijua Kiswahili kidogo, alikuwa anawaeleza watu kuhusu kwao, akasema kuna miezi ambayo mito inakuwa migumu na watu wanatembea juu yake, na mbayuwayu wanaondoka. Watu walimcheka. Mimi nilimuuliza kama wanaondoka kabla ya hapo au baada. Akanitazama sana, akauliza ni nani aliyeniambia.

Siku hizi, wageni wakifika, watu wanakuja kwangu. Wanatoka Pangi, wanatoka Kama, wanatoka vijiji ambavyo sijawahi kuvisikia. Kila mmoja ana mtu wake aliyekwenda na pembe na hakurudi. Nawauliza: unajua alikufaje? Anayejua, namwitia. Asiyejua, namwambia nenda ukatafute, mimi sitasema ndui ili ulale vizuri. Wengine wananitukana. Wengine wanarudi mwaka unaofuata na jibu.

Mvua zilizopita alikuja Feruzi. Amezeeka, miguu imevimba, anatembea na fimbo. Alikaa mbele ya nyumba yangu.

“Yaya, nikifa, utaniita?”

“Nikiona umekufaje, nitaita nilichokiona.”

“Na kama nitakufa njiani?”

“Basi sitakuwa nimeona. Nitanyamaza.”

Alichukua fimbo yake, akarudi kwake. Tangu siku ile hatoki kijijini. Wakubwa wake wanamwita aende Kasongo, anasema anaumwa. Hata shambani kwake haendi. Analala mlango wazi ili watu wamwone.

Wewe unayesoma, sikuombi uamini habari ya yule mtu wa kwenye matete. Amini au usiamini. Nakuonya hivi: ukiletewa habari ya kifo cha mtu wako na yule aliyenufaika nacho, usiipokee. Muulize alizikwa wapi, na nani alishika jembe. Atakuonea huruma. Uliza. Ndugu zako watakushika mkono, watakuambia watoto wana njaa, msimu unapita, sema tu neno hilo dogo tumalize. Uliza tena, mbele yao wote, na uwatazame usoni mmoja mmoja wakati unauliza.